UNGA ULIOMO NDANI YA PIPA

Mazungumzo ya redio. Somo: 1 Wafalme 17:8-16

 Popote mlipo asubuhi hii, iwe ni jikoni mkichochea uji, iwe ni shambani, iwe ni njiani kuelekea kazini, au kitandani kwa sababu ya ugonjwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache mbele ya Neno la Mungu.

Somo letu linatupeleka Sarepta, wakati wa njaa kuu. Mvua imekoma nchini. Nabii Eliya anafika mlangoni pa mji na kumkuta mama mjane akiokota kuni. Anamwomba maji ya kunywa, kisha anamwomba na kipande cha mkate. Yule mama anamjibu kwa uchungu kwamba hana mkate, ila konzi moja ya unga ndani ya pipa na mafuta kidogo ndani ya chupa. Amekusudia kupika chakula cha mwisho, yeye na mwanawe wale, kisha wangoje kufa.

Ndugu wapendwa, tumezoea kusoma habari hii tukitazama muujiza, jinsi pipa la unga lilivyokataa kupunguka. Leo tunawaomba mtazame jambo moja dogo lililotangulia muujiza. Eliya alimwomba mama yule mkate mdogo wa unga ule ule uliokuwamo ndani ya pipa lake. Hakumtuma sokoni, wala hakuulizia unga wa namna nyingine. Hakumfanya aone haya kwa kile alichokuwa nacho. Baraka ya Mungu ikaanzia pale, katika unga wa nyumba ile.

Sisi tunaosema nanyi tunajua uzito wa jambo hili, kwa maana wakati mmoja tulifanya kinyume cha Eliya. Tutawaeleza bila kuficha.

Mwaka 2010 tulikuwa kasisi msaidizi kijana, tumetoka chuo cha theolojia si zamani, nasi tukapelekwa kuhudumu katika sehemu kavu za Ukambani. Siku moja tulikwenda kumtembelea mama mmoja mjane, mwaminifu sana kanisani, aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Tulipomaliza kuomba alituandalia chakula. Kilikuwa ugali wa uwele, wa rangi ya kijivu kama majivu, pamoja na mboga ya majani ya kunde. Tuliutazama ugali ule. Tulikuwa tumezoea ugali mweupe wa mahindi, na wali siku za sikukuu. Tukamega kidogo kwa ncha za vidole, tukasema tumbo halituwii radhi leo, tukaomba chai. Mama yule hakusema neno. Alichukua sahani, akaifunika, akaenda kuchemsha chai.

Miezi kadhaa baadaye, karibu na mvua za vuli, tulikwenda tena nyumbani kwake. Safari hii tulikuta wali mweupe, kuku, na chupa ya soda iliyofunikwa kwa kitambaa safi. Tulikula tukashiba, tukamsifu kwa ukarimu wake. Tuliondoka tukifurahi, tukidhani kwamba Bwana amemfungulia mama yule mlango.

Kisha mvua za vuli za mwaka ule zikakosa, na 2011 ukawa mwaka wa njaa. Chakula cha msaada kilipoletwa katika uwanja wa kanisa, tulimwona mama yule katika mstari, amesimama na gunia tupu mkononi. Mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka kama saba, alitusalimu kwa heshima, halafu akasema kama watoto wasemavyo, bila kupima maneno: "Sisi hatukuvuna kitu, Bwana Mchungaji. Susu aliuza mbegu siku ulipokuja kula wali." Susu ndilo jina ambalo watoto wa Kikamba humwita nyanya.

Nyanya alimvuta mkono anyamaze, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Tulikuja kujua habari yote. Mama alikuwa na debe la uwele na kibuyu cha mtama alichokitunza kwa mbegu, juu ya dari ya jiko ambapo moshi hufukuza wadudu. Alipopata habari kwamba kasisi anakuja, alimwuzia mchuuzi vyote viwili kwa bei ya chini, akanunua mchele na soda. Mvua ilipokaribia hakuwa na cha kupanda ila mahindi aliyokopa dukani. Mahindi yale yalichipuka, yakafika magotini, yakakauka. Jirani yake, aliyepanda mtama na uwele kama mama yake alivyofanya, alipata vikapu vichache. Havikuwa vingi, lakini watoto wake walikula.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuwa mgeni aliyekuja, na mwenyeji akaumia.

Wasikilizaji wapendwa, tumeanza na aibu yetu wenyewe ili msidhani kwamba tumekuja kuwalaumu. Lakini tunataka kuuliza swali hili pamoja nanyi: Ni nani aliyetufundisha kuona haya kwa ajili ya chakula ambacho Mungu aliwapa baba zetu?

Hebu tukumbuke nafaka hizi ni zipi. Kuna mtama, ambao Wajaluo huuita bel na Wakamba muvya. Kuna wimbi, ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita ulezi, Wakikuyu huita ugimbi, Wakisii obori, na Wajaluo kal. Tena kuna uwele, ambao Wakamba huuita mwee na Wakikuyu mwere. Kila kabila lina jina lake, kwa maana kila kabila lilizijua tangu zamani. Nafaka hizi tatu zilianza kulimwa hapa hapa barani Afrika, maelfu ya miaka iliyopita. Mtama ulitoka pande za Sudani, wimbi katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, na uwele kando ya jangwa la Sahara. Mahindi tunayoyaita chakula chetu cha asili ni mgeni. Yalitoka Marekani ya Kati, yakaletwa pwani yetu katika zama za Wareno, na mahindi meupe yakaenea bara wakati wa ukoloni, yalipolimwa na walowezi na kulishwa vibarua katika mashamba yao.

Hatusemi mahindi ni mabaya. Mgeni huyu ametulisha, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini si desturi njema kwamba mgeni akiingia sebuleni, watoto wa nyumba watolewe nje.

Kwa nini nafaka hizi ziliachwa? Sababu nyingine ni za haki, na lazima tuwe wa kweli. Mtama na uwele zina adui mkubwa, ndege. Kundi la kwelea kwelea likishuka shambani, linaweza kumaliza kazi ya msimu mzima kwa siku chache. Zamani watoto walipanda juu ya dungu na kuamia ndege tangu alfajiri hata jioni. Siku hizi watoto wako shuleni, nasi twashukuru kwamba wako shuleni. Wimbi nalo lina kazi ya palizi, kwa kuwa magugu yake hufanana nalo likiwa changa, na mama huinama siku nyingi akichambua jani kwa jani. Mahindi hupalilia mtu akisimama, na ganda lake huyafunika yasiliwe na ndege. Basi mtu asiwacheke wazee kwamba waliacha kwa uvivu.

Sababu nyingine inatuhusu sisi Wakristo. Wimbi lilikuwa nafaka ya kimea, na kimea kilitengenezea pombe. Wako ndugu waliookoka ambao, walipoiacha pombe, waliliacha na wimbi lenyewe, wasitake hata kuliona ghalani. Tunaiheshimu dhamiri yao. Lakini kosa halikuwa la punje. Zabibu hufanya mvinyo, wala hatukuwahi kumwambia mtu asile zabibu. Tena tazameni jambo la kushangaza: leo viwanda vya bia vinanunua mtama wa wakulima wetu wa Kitui, Makueni na Tharaka Nithi. Watu wa bia wameona thamani ya mtama wakati watu wa kanisa wanaona haya kuuweka mezani.

Na sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni haya. Tulianza kusema kwamba hiki ni chakula cha maskini, chakula cha wazee, chakula cha watu wa nyuma. Unga mweupe ukawa ishara ya maendeleo. Mgeni akija, cheusi hufichwa na cheupe huletwa.

Sasa tuangalie kile ambacho Mungu aliweka ndani ya punje hizi ndogo.

Tuanze na wimbi. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, ile madini ijengayo mifupa na meno. Kiasi kile kile cha maziwa ya ng'ombe kina miligramu kama 120, na mahindi yana kidogo sana. Ni kweli kwamba mwili haufyonzi kalsiamu yote ya wimbi kama unavyofyonza ile ya maziwa. Hata hivyo mama zetu hawakukosea walipompa mzazi aliyejifungua uji wa wimbi. Hawakusoma kitabu cha lishe, bali waliona kwa macho kwamba mwanamke yule anapata nguvu.

Uwele nao una madini ya chuma na protini, na mafuta yake ni mengi kuliko ya nafaka nyingi. Ndiyo sababu unga wake ukikaa muda mrefu huwa mchungu. Ni vizuri kusaga kidogo kidogo, unaotosha siku chache. Mtama una wanga wa kutia nguvu na madini mengi, na mtama mwekundu una uchungu kidogo ambao hata ndege hawaupendi sana. Kwa mkulima asiye na mtoto wa kuamia, huo nao ni ulinzi uliowekwa na Muumba.

Faida nyingine ni kwamba tunazila nafaka hizi pamoja na ganda lake. Unga mweupe wa mahindi uliokobolewa umeondolewa ganda na kiini, na humo ndimo mlimokuwa sehemu kubwa ya vitamini na nyuzinyuzi. Ni kweli kwamba tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa paketi uongezwe vitamini na madini, na hilo ni jambo jema. Lakini nyuzinyuzi zilizoondolewa hazirudishwi. Nyuzinyuzi ndizo zinazosaidia choo kiwe laini, na ndizo zinazofanya chakula kikae tumboni muda mrefu, mtu asione njaa upesi.

Hapa tunataka kusema kwa uangalifu, maana wako watu wanaotembea sokoni na hata makanisani wakiuza unga na kutangaza kwamba unaponya kisukari na presha. Ndugu mpendwa, wimbi ni chakula, si dawa. Ugali wa wimbi nao una wanga. Ikiwa una kisukari, bado utapima kipande chako, utakwenda kliniki, na utameza dawa ulizopewa na daktari. Asiwepo mtu wa kuacha dawa kwa sababu amesikia kasisi akisifu uji redioni. Mungu huyo huyo aliyeumba wimbi ndiye aliyempa daktari akili.

Tena kuna ujuzi wa kuandaa. Bibi zetu walilowesha wimbi usiku mmoja, wakalitia katika gunia lenye unyevu siku mbili au tatu hata likachipuka, wakalianika jua kali, ndipo wakalisaga. Wengine waliuacha uji uchache kidogo kabla ya kuupika. Haikuwa mila ya bure. Ndani ya nafaka kuna kitu kinachoyashika madini yasifyonzwe na mwili, na kule kuchipusha na kuchachisha hupunguza nguvu ya kitu hicho. Ukila ugali wa mtama pamoja na mboga ya majani, kisha ukala chungwa, embe au pera, mwili wako utapata madini ya chuma vizuri zaidi. Lakini ukiteremsha ugali huo kwa kikombe cha chai, chai hiyo itazuia sehemu ya faida. Subiri kwanza, chai uinywe baadaye.

Na kwa mama wenye watoto wachanga tuna neno. Imekuwa desturi kuchanganya kila kitu katika unga wa mtoto: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu, hata omena, vyote vikasagwa pamoja. Mama hufanya hivyo kwa upendo. Lakini wahudumu wa lishe katika kliniki zetu hushauri unga wa nafaka moja au mbili tu, kisha maziwa, njugu au samaki viongezwe mbalimbali. Tumbo la mtoto ni dogo, na mchanganyiko mwingi humlemea. Mwulizeni mhudumu wa kliniki iliyo karibu nanyi.

Liko pia jambo la ukame. Wazee wetu wanaikumbuka njaa ya 1984, na mahindi ya manjano yaliyoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Sisi wa umri wa kati tunaikumbuka ya 2011. Na hata vijana wanakumbuka jinsi mvua zilivyokosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022. Mtama ukikosa maji hukunja majani yake na kungoja. Mvua ikirudi, huendelea kukua. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa maua, mavuno yamekwisha. Hatusemi kwamba mtama haufi, kwa maana katika ukame mkali mno kila mmea hufa. Lakini panapobaki kitu shambani, mara nyingi ni mtama na uwele vinavyobaki. Na wimbi likikaushwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu, hukaa miaka mingi bila kuliwa na wadudu, kwa kuwa punje yake ni ndogo mno. Akiba haiozi, walisema wahenga, na yamkini walikuwa wakitazama kihenge cha wimbi.

Hata hivyo, kila nafaka ikaushwe vizuri. Hatutasahau 2004, ambapo katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake watu 317 waliugua na 125 wakafa, kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini. Mtama wenye unyevu nao huota ukungu. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo, na kilichoota ukungu usimpe mtu wala mnyama.

Wasikilizaji wapendwa, mnaweza kuuliza: Haya yote yanahusu nini Injili? Turudi katika Neno la Mungu.

Katika Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union, kitabu cha Danieli sura ya kwanza, tunasoma juu ya vijana wanne katika jumba la mfalme wa Babeli. Waliwekewa chakula cha mfalme na divai yake. Wakaomba wajaribiwe siku kumi, na wafasiri wetu wakaandika kwamba chakula walichoomba kilikuwa mtama, na maji ya kunywa. Tafsiri nyingine husema mboga, na neno la Kiebrania lenyewe lina maana ya vitu vilivyopandwa kwa mbegu. Lakini tunapenda kufikiri kwamba wafasiri wale walijiuliza: Kwa watu wetu, ni chakula gani cha kawaida kabisa, kisicho na fahari? Wakajibu: Mtama. Baada ya siku kumi, nyuso za vijana wale zilikuwa nzuri kuliko za wenzao. Habari hii haisemi kwamba nyama ni dhambi. Inasema kwamba Danieli hakukubali meza ya mfalme imfundishe yeye ni nani.

Tena katika Injili ya Yohana, sura ya sita, kijana mmoja alikuwa na mikate mitano na samaki wawili. Yohana peke yake, kati ya wainjilisti wanne, anatuambia mikate hiyo ilikuwa ya shayiri. Katika nchi ile ngano ilikuwa ya wenye nacho, na shayiri ilikuwa ya maskini. Andrea aliitazama mikate ile na kuona haitoshi kitu mbele ya umati. Bwana Yesu hakumwuliza kijana kwa nini hakuleta ya ngano. Aliitwaa mikate ile, akashukuru, akawalisha watu elfu tano. Mikate ya maskini ilikaa katika mikono ya Mwana wa Mungu, na mikono hiyo haikuona haya.

Sisi tulipousogeza kando ugali wa uwele kwa ncha za vidole, hatukukataa chakula tu. Tulimwambia mama yule, bila kufungua kinywa, kwamba alichonacho hakifai. Naye akatuamini, kwa sababu tulikuwa kasisi wake. Ndiyo sababu akauza mbegu.

Tulikwenda nyumbani kwake baada ya maneno ya yule mtoto. Tulimwomba msamaha. Alituambia, "Bwana Mchungaji, si wewe uliyeuza, ni mimi niliyeuza. Lakini niliona haya kwa sababu yako." Alisema kweli yote kwa maneno hayo machache, nasi tunayakumbuka mpaka leo kila tunapoingia katika nyumba ya mtu. Kisha alitusamehe, tukaomba pamoja.

Jirani yake alimpa kibuyu cha mbegu za uwele, akasema atarudishiwa kibuyu akivuna. Mvua za vuli za 2011 zilikuja kwa wingi. Mapema 2012 tuliitwa tena kwa mama yule. Alituwekea ugali wa uwele na majani ya kunde, naye akaketi mbele yetu akitutazama. Tulikula. Tukaomba tuongezewe, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu. Kibuyu cha jirani kilikuwa kimekwisha kurudi, kimejaa.

Sasa tufanye nini? Tunapendekeza mambo machache, ambayo kila kutaniko laweza kuyafanya.

Kwanza, sisi wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa tuanze. Tukialikwa, tuseme mapema kwamba tutafurahi kula kile ambacho nyumba hula. Na kikiletwa, tukile kwa shukrani.

Pili, katika mikutano yetu, badala ya soda na mkate mweupe kila mara, akina mama wapike uji wa wimbi, na uletwe mbele ya wageni wa heshima, si kwa watoto peke yao.

Tatu, siku ya shukrani ya mavuno, mtu aletaye kibuyu cha mtama apokewe mbele ya madhabahu kama yule aletaye gunia la mahindi au bahasha ya fedha. Tena kanisa lenye shamba litenge sehemu ya mbegu za jadi, ili anayepungukiwa apate mbegu ya kukopa na kurudisha.

Nne, vijana, kaeni na nyanya zenu kabla hawajaondoka. Waulizeni namna ya kuchagua suke la mbegu, namna ya kupeta, namna ya kuchipusha wimbi. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi ndogo, na wataalamu wa dunia wakakutana kuzijadili. Itakuwa huzuni ikiwa dunia itakuja kutuuliza habari za wimbi, nasi tusiwe na la kujibu.

Na wewe unayetusikiliza, ambaye huna hata debe moja la nafaka yoyote, hatujakusahau. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja tu. Mungu alikuwa amekwisha kumwona kabla Eliya hajafika mlangoni. Mwambie Mungu haja yako, na umwambie pia jirani yako katika kanisa, usifiche kwa ajili ya haya. Nawe uliye na kibuyu kilichojaa, jirani yako yuko karibu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyeiotesha mbegu katika udongo wa nchi yetu kabla sisi hatujazaliwa, tunakushukuru kwa mtama, kwa wimbi na kwa uwele. Tunaungama kwamba tumedharau zawadi zako, na kwa kuzidharau tumewaaibisha wale waliotukaribisha. Utusamehe. Wabariki mama wanaopika asubuhi hii, na wakulima wanaoitazamia mvua. Uwakumbuke wenye njaa, utufanye sisi kuwa jirani zao. Na unga uliomo ndani ya pipa la kila nyumba, uwe mwingi au mchache, uutakase kwa baraka yako. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu, aliyeitwaa mikate ya shayiri akashukuru. Amina.